Fatwa ya Vita na Wapagazi wa Kariakoo: Watawala Wanapoazima Ulimi wa Dini

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Jioni moja, baada ya darsa ya baina ya Magharibi na Isha katika msikiti mmoja wa Kariakoo, kijana mmoja anayeuza vitambaa Mtaa wa Kongo alinifuata mlangoni, akanionyesha ujumbe katika simu yake. "Shikamoo sheikh," akasema, "huu nimetumiwa na watu saba tangu asubuhi. Niupeleke mbele au niuache?" Nikausoma. Mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, amemuona Mtume usingizini, akapewa wasia kwa Umma. Atakayeueneza wasia atafunguliwa riziki, na atakayeupuuza atafikwa na msiba. Nikamwambia kijana kuwa wasia huo ni mkongwe kuliko babu yake, na kwamba Sheikh Abdul-Aziz bin Baz aliuandikia risala nzima kuukanusha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa sheikh, kama ni wa uongo na ni wa zamani hivyo, nani anayefaidika nao?"

Swali hili lilinifanya nirudi nyumbani nikafungue vitabu vya tarekhe. Wengi wetu huuliza kama habari ni sahihi au si sahihi, na hilo ni wajibu, kwani Qur'ani Tukufu katika Suratul Hujurat (49:6) imetuamrisha tuchunguze habari inayoletwa na fasiki. Lakini kijana yule aliuliza jambo la pili, nalo ndilo mlango wa kuielewa propaganda ya watawala: nani ameitunga, na kwa haja gani? Na mji wetu huu wa Dar es Salaam, hasa Kariakoo, una kisa chake katika jambo hili, kisa ambacho wengi tunatembea juu yake kila siku bila ya kukijua.

Tuanze na wasia wenyewe. Katika mwaka 1908, muda mfupi baada ya kuzimwa kwa vita vya Maji Maji (1905-1907), nakala za wasia wa Sheikh Ahmad zilienea Lindi na sehemu nyingine za pwani ya nchi hii, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Katika vitabu vya historia jambo hili linaitwa Barua ya Makka. Watu walinakiliana kwa mkono, wakasomeana misikitini, wengine wakaanza kuitengeneza akhera yao wakidhani Kiyama kimekaribia. Wajerumani walishikwa na hofu kubwa, wakakamata watu, wakaamini kuwa uasi mwingine unaandaliwa. Uchunguzi wao ukaelekea Unguja, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, ambaye kabla ya kushindwa na Wabelgiji katika miaka ya 1890 alikuwa na nguvu kubwa pande za Ujiji na Ziwa Tanganyika.

Ikiwa kweli ni yeye aliyezituma, basi tunaye hapa mtu aliyepoteza dola yake na mali yake, naye akaona kuwa ulimi wa Madina unafika mahali ambapo bunduki zake hazifiki tena. Simlaumu aliyenakili barua ile kwa nia njema katika kijiji cha Lindi. Lakini barua haikuwa na isnadi, na Umma wenye elimu ya hadithi ungeisimamisha mlangoni. Imam Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake amepokea kuwa mtu anatosha kuwa muongo kwa kule kusimulia kila alisikialo. Elimu hii tunayo, tunaisomesha, kisha karatasi ikija na jina la Madina tunaisahau.

Wajerumani nao walijifunza kitu mwaka ule. Waliona kwamba karatasi yenye jina tukufu inakwenda mbio kuliko askari.

Ndugu msomaji, sasa tuweke karatasi mbili upande kwa upande, maana ndizo kiini cha makala haya.

Ya kwanza ni waraka wa Oktoba 1913. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, aliwaandikia wakuu wake wa wilaya akitaka wamletee maoni juu ya namna ya kuzuia kuenea kwa Uislamu. Waraka uliuliza kama inawezekana kuupiga marufuku Uislamu kabisa, au walau kuwazuia watumishi na walimu wa serikali wasihubiri misikitini na wasishughulike na kutahiri. Tena ukapendekeza kwamba wenyeji wahimizwe kufuga nguruwe, kwa kuwa mnyama huyo angekuwa kizuizi kwa dini hii. Haukuwa waraka wa kusomwa hadharani. Ulikuwa ni maneno ya mtawala na watumishi wake faraghani.

Karatasi ya pili ni fatwa. Tarehe 14 Novemba 1914, mwishoni mwa mwaka 1332 Hijria, katika msikiti wa Fatih mjini Istanbul, zilisomwa fatwa tano zilizotolewa na Sheikh al-Islam Hayri Efendi kwa jina la Sultani Mehmed Reshad, Khalifa wa dola ya Uthmaniya. Zilitangaza kuwa jihadi ni faradhi kwa Waislamu wote dhidi ya Urusi, Uingereza na Ufaransa. Ujerumani, ambayo ilikuwa imefunga mkataba wa siri na Waturuki tarehe 2 Agosti mwaka huohuo, haikuwa miongoni mwa maadui. Na serikali ileile ya Schnee, mwaka mmoja tu baada ya kuuliza jinsi ya kuuzima Uislamu, ikawa inawaita Waislamu wa nchi hii wasimame pamoja na Kaizari kwa kuwa ni rafiki wa Khalifa. Kaizari Wilhelm wa Pili alikuwa ameuandaa urafiki huo zamani. Mwaka 1898 alikwenda Damascus, akasimama kumsifu Salahuddin al-Ayyubi, na akajitangaza kuwa rafiki wa Waislamu milioni 300 wa dunia. Hakueleza kama Waislamu waliokuwa chini ya kiboko chake Bagamoyo na Kilwa walikuwa katika hesabu hiyo.

Wanafunzi wa fiqhi wanapaswa kuisoma fatwa ile kwa makini, kwani ndani yake mna somo ambalo halipatikani katika vitabu vya siasa. Mtindo wa fatwa za Kiuthmaniya ulikuwa ni swali refu na jibu fupi. Swali linaeleza hali, kisha mufti anajibu kwa neno moja: ndiyo, au hapana. Swali la kwanza liliuliza kwa maana hii: ikiwa maadui wameishambulia nchi ya Kiislamu, wakapora na kuteka, na Sultani akaamrisha watu wote watoke, je, jihadi inakuwa wajibu kwa kila Muislamu, kijana na mzee? Jibu: ndiyo.

Nani angejibu vingine? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angejibu hivyohivyo, kwani mas'ala ya adui kuingia katika nchi ya Waislamu hayana mgogoro mkubwa baina ya mafuqaha. Uongo haukuwa katika jibu. Ulikuwa katika swali, kwa yale yaliyoachwa kutajwa. Swali halikusema kuwa tarehe 29 Oktoba 1914 ni meli za kivita za Uthmaniya, chini ya amiri wa Kijerumani, Wilhelm Souchon, ndizo zilizotangulia kuipiga mizinga miji ya Urusi ya Odessa na Sevastopol. Halikusema kuwa mabaharia wengi wa meli kubwa katika zile walikuwa ni Wajerumani waliovalishwa tarbushi. Na swali la tano liliuliza kama Waislamu walio chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi wanapata dhambi kwa kupigana na Ujerumani na Austria, kwa kuwa hizo zinaisaidia dola ya Kiislamu. Jibu: ndiyo. Kwa neno moja hilo, askari Muislamu wa jeshi la Kiingereza aliyekuwa mpakani Taveta akawa mwenye dhambi kwa kumlenga Mjerumani, na Mjerumani akawa na ulinzi wa fatwa. Hata mustashriki wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliyekuwa mtumishi wa ukoloni wa nchi yake, aliandika mwaka 1915 kuwa jihadi hii imetengenezwa Ujerumani.

Simsemi Hayri Efendi kuwa alikuwa jahili. Alikuwa ni mwanachuoni, na pia alikuwa mtumishi wa serikali, na waliokuwa wakiliandika swali hasa ni Enver Pasha na wenzake.

Wenye kujua tarekhe watakumbuka kuwa hila ya namna hii haikuanza na Wazungu wala na Waturuki. Da'wa ya Bani Abbas huko Khurasani iliita watu wambai "ar-ridha min aali Muhammad", yaani yule atakayeridhiwa katika aali za Muhammad, bila ya kumtaja jina. Kila aliyeipenda nyumba ya Mtume (s.a.w.) aliliweka ndani ya neno hilo jina alitakalo yeye. Mwaka 132 Hijria jina likatajwa Kufa, nalo lilikuwa la Abul-Abbas as-Saffah. Abu Muslim aliyeibeba bendera nyeusi kwa ajili yao aliuawa nao mwaka 137. Na mwaka 145, Muhammad an-Nafs az-Zakiyya, mjukuu wa Hasan bin Ali kwa vizazi, aliposimama Madina kudai kile ambacho wengi walikielewa tangu mwanzo, aliuawa pia.

Ni katika fitna hiyo ndipo yalipomkuta Imam Malik bin Anas yale yaliyomkuta. Alikuwa akisimulia kuwa talaka ya aliyelazimishwa haisihi. Ni mas'ala ya mlango wa talaka tu, kwa sura yake. Lakini watu wa Madina walielewa, na gavana akaelewa vilevile, kuwa ikiwa talaka ya kulazimishwa haisihi basi na bai'a ya kulazimishwa haisihi. Akaamrishwa anyamaze, hakunyamaza, akapigwa viboko hata mkono wake ukateguka. Linganisha hali mbili hizi. Istanbul, swali limeandikwa na mtawala na mwanachuoni amelijibu kama lilivyo. Madina, mwanachuoni amejibu swali ambalo mtawala hakutaka liulizwe kabisa.

Turudi pwani. Je, wito ule ulifanikiwa? Kwa jumla, hapana. Waislamu wa Mombasa, Unguja na Uganda hawakuinuka. Askari Waislamu waliokuwa na Wajerumani waliendelea kupigana kwa sababu zilezile za kabla ya fatwa, yaani mshahara, kiapo na kumfuata kamanda. Na Waingereza hawakukaa kimya. Walikuwa na watawala wao wa Kiislamu. Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja, alikuwa upande wao, na jina lake lilikuwa na uzito pwani yote. Aga Khan wa Tatu aliwataka wafuasi wake na Waislamu wengine wabaki watiifu kwa Uingereza. Mwezi Juni 1916, Sharif Hussein bin Ali wa Makka alipowaasi Waturuki, Waingereza walipata kile ambacho Wajerumani hawakuweza kukipata: sauti kutoka Makka yenyewe.

Kisha wakapata jambo jingine. Majeshi ya Jenerali Smuts yalipoingia Moshi mwaka 1916, yaliukuta ule waraka wa Schnee wa mwaka 1913. Waingereza wakautangaza. Tazameni, wakasema kwa maana yake, huyu ndiye rafiki wa Khalifa. Huyu ndiye aliyetaka kuwafugisha nguruwe.

Hapa msomaji asimame. Waraka ule ulikuwa wa kweli. Waingereza hawakuuzua. Lakini wakati wanautangaza, serikali yao ilikuwa imekwishaafikiana kwa siri na Ufaransa, Mei 1916, katika mapatano ya Sykes-Picot, namna ya kugawana nchi zilezile za Waarabu ambazo Sharif alidhani atazitawala. Na tarehe 2 Novemba 1917 wakatoa ahadi ya Balfour juu ya Palestina. Sayyidna Ali (r.a.) aliposikia wito wa Khawariji kuwa hukumu ni ya Allah pekee, alisema kuwa neno ni la haki ila limekusudiwa batili. Wengi wetu tunadhani propaganda ni uongo, kwa hiyo tukishathibitisha kuwa habari ni ya kweli tunalala usingizi. Waraka wa Moshi ulikuwa na isnadi safi, na bado ulikuwa silaha mkononi mwa mtu mwenye haja zake.

Na haja yenyewe ilikuwa ni vichwa na mabega ya watu. Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Palikuwa na jengo kubwa katika mtaa wa Waafrika, ambalo katika historia ya soko inasimuliwa kuwa Wajerumani walilijenga kwa ajili ya sherehe za kumtukuza Kaizari, nalo halikupata kutumika kwa kazi hiyo kwa sababu ya vita. Katika eneo hilo Waingereza wakaweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps kwa lugha yao, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Baada ya vita jengo likawa soko. Soko jipya lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, nalo likaungua Julai 2021. Jina limebaki katika hali zote.

Wapagazi waliotumiwa na Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki walikaribia milioni moja. Hesabu za serikali zenyewe zilitaja waliokufa kuwa zaidi ya 95,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni ndogo. Hawakufa kwa risasi, walio wengi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa kula unga usioiva vizuri na kubeba mizigo katika mvua za Rufiji. Wajerumani nao waliwakamata watu vijijini kuwa wapagazi, wengi wao bila ujira wowote. Mpagazi Muislamu wa upande huu aliambiwa kuwa anamsaidia Khalifa, na wa upande ule kuwa Sharif wa Makka yu pamoja nao, na wote wawili walibeba sanduku lilelile la risasi.

Vita vilipokwisha, kazi ya propaganda haikwisha, kwa sababu kuupata utawala ni jambo moja na kuudumisha ni jingine. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapa mjini mwaka 1909 sanamu wa Hermann von Wissmann, chini yake askari wa Kiafrika akimtazama kwa kuinua uso. Waingereza walimng'oa. Mwaka 1927 wakamweka badala yake askari wa shaba, yule aliyepo mpaka leo njia panda ya mtaa wa Samora na Azikiwe. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na herufi za Kiarabu zimetumiwa pia ili wazee waliosoma chuoni wasikose kuyasoma. Yanawataja askari na wapagazi, na yanaahidi kuwa kizazi chao kitawakumbuka majina. Nimelizunguka sanamu hilo mara nyingi. Hakuna jina hata moja.

Na faraghani je? Tumeona kuwa maneno ya mtawala hupimwa kwa yale asemayo pale ambapo hatusikii. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, tume ya Uingereza ya makaburi ya vita ilipotafuta maoni juu ya makaburi ya wapagazi, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alionelea kuwa makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Yakaachwa. Ilipofika Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya 90 ilikuwa imepita tangu ahadi ile iandikwe juu ya jiwe.

Haya nilimsimulia kijana wa Mtaa wa Kongo na wenzake katika darsa zilizofuata. Usiku wa mwisho aliuliza swali la fiqhi, na nilifurahi kuwa swali aliliandika mwenyewe. Je, inafaa tuwasalie wapagazi hawa sala ya jeneza ya ghaibu, kwa kuwa hatujui kama walisaliwa?

Nilimjibu kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi (r.a.) sala ya ghaibu inafaa, kwa dalili ya Mtume (s.a.w.) kumsalia Najashi, lakini kauli sahihi ni kuwa humsihi yule tu ambaye siku ya kufa kwa maiti alikuwa miongoni mwa wanaopasiwa na faradhi ya kumsalia. Mimi na yeye hatukuwa tumezaliwa, wala baba zetu. Na wengine katika wapagazi hawakuwa Waislamu. Kilichobaki kwetu ni dua na sadaka kwa ndugu zetu waliokufa katika imani, na kutoyakanyaga makaburi pale yanapojulikana.

Basi tukainua mikono. Majina hatukuwa nayo, tukawaombea kwa kusema "waliozikwa katika ardhi hii", mpaka muadhini akasimama kuadhini Isha.

Wallahu a'lam.